Mzee Shaibu na Likizo Zake za Oktoba

Tarehe 30 Septemba 1959 Mzee Shaibu Hasani anastaafu, baada ya kuendesha gari la maji hapa Nachingwea kwa miaka kumi na miwili. Alikuja wakati mradi wa karanga wa Waingereza ukiwa gumzo la kila mtu. Karanga zikashindwa, wenyewe wakafunga mizigo, yeye akabaki na gari lake. Kiu haikuondoka na mtu.

Sote tumekunywa maji aliyotuletea. Lakini kwao Likunja, upande wa Ruangwa, mama yake, Bi Ashura, alikuwa akichotewa maji ya tope kutoka bondeni. Jambo hilo lilimuuma sana. Akaapa kwamba mama atakunywa maji ya kisima cha uani kwake, tena kilichochimbwa na mwanawe.

Alianza kuchimba mwezi wa Machi, na maji akayapata upesi ajabu! Akachinja mbuzi, sisi wa karakana tukaenda lori zima kula wali. Kufika Septemba kisima kikavu kabisa, kuku wa jirani ametumbukia humo na kutolewa amejaa vumbi. Weee, alitaniwa huyo! Mpaka sokoni wakamwita Bwana Machi.

Hakununa, wala hakuacha. Tangu hapo likizo yake ikawa ya Oktoba tu, wakati ardhi imekauka na haiwezi kumdanganya. Wenzake tulikwenda makwetu kula sikukuu; yeye alirudi na viganja vilivyochubuka. Ukimuuliza, anajibu kwamba bado, ila yeye na maji wanakaribiana.

Mwaka jana alirudi na donge la udongo mbichi ndani ya kitambaa. Tulilipokezana pale karakana, likatuachia ubaridi mikononi. Likizo ilikuwa imemwishia hapo hapo, maji yakiwa chini kidogo tu. Bi Ashura alimuaga kwa kumwambia kuwa anangoja, lakini amechoka kungoja.

Sasa Oktoba inaingia, na kwa mara ya kwanza Mzee Shaibu hana siku ya kurudi kazini. Mimi niliyekuwa utingo wake nafurahi, na papo hapo moyo unaniuma. Kesho honi ya asubuhi itapigwa na mtu mwingine, nami najua nitachungulia dirishani nikimtafuta yeye.

Mzee wetu, ahsante kwa kila debe. Nenda salama, Mungu akukutanishe na mama akiwa mzima. Kikombe cha kwanza ni chake. Sisi tutakuja tena lori zima, ila safari hii tualike mwezi wa Septemba.

Felisian, Karakana