Mama Lini na Paa la Wodi ya Wazazi

Ndugu wafiwa, majirani, na nanyi viongozi mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, nisome maisha ya dada yangu, na nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa kuwa marehemu hakupenda kupambwa akiwa hai na hatuoni sababu ya kuanza leo.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Lini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mshonaji wa nguo za watoto. Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza 1966, akachaguliwa kusomea uuguzi na ukunga mwaka 1968, akahitimu Desemba 1971, na mwezi uliofuata akapangiwa zahanati ya mtaa huu, ambako alizalisha watoto ambao baadhi yao leo wana mvi na wamekaa hapa mbele yetu.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu, mtu wa maneno machache, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hai, na wajukuu tisa. Wajukuu wawili kati ya hao walizaliwa kwenye korido ya zahanati, khanga mbili zikiwa pazia, na bibi yao ndiye aliyezipokea roho hizo huku wagonjwa wa malaria wakipita pembeni na kuomba radhi.

Korido hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye ukunga. Uchaguzi wa vyama vingi ulipofika kwa mara ya kwanza, Oktoba 1994, aliacha kazi akagombea udiwani kwa ahadi moja tu, wodi ya wazazi yenye vitanda na mlango unaofungika, nanyi mkampa kura zenu, mkambeba juu juu hadi kiatu kimoja kikapotea. Kuta zilipanda haraka, mabati yakatengewa fungu, watu wakaanza kusema kumbe kura ina kazi.

Mwaka 1996, katika kikao cha halmashauri, mwenyekiti aliomba fungu la mabati ya wodi lihamishiwe kwanza kwenye ukumbi wa madiwani, ambao ulikuwa unavuja, akaahidi kwamba mwakani wodi itakuwa ya kwanza, na kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Dada yetu aliogopa kuonekana mkaidi mbele ya wenzake wa chama, akamwamini mwenyekiti, akanyoosha. Mwakani ilikuja, ikapita, ikaja nyingine, na ukumbi haukuvuja tena.

Angeweza kuwasingizia wataalamu, kama ilivyo ada, na wenzake walimshauri hivyo, lakini cheo ni dhamana, naye alilisadiki neno hilo kuliko waliokuwa wakilisema majukwaani. Tarehe 20 Februari 1999 aliitisha mkutano wa hadhara uwanja wa shule, akainua mkono wake wa kulia na kuwaambia wananchi kwamba mkono uliowanyima mabati ni huu, hakuna aliyemshika akauinua. Mzee mmoja, muuza mkaa, alisema afadhali yeye kasema, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamjibu, kusema hakuezeki. Marehemu aliyabeba maneno hayo hadi kaburini, na kila alipoyakumbuka alisema yule mama alikuwa na haki.

Mwaka huohuo mlimwangusha. Hakulalamika, kwa kuwa kura ni yenu, ila kilichomchosha ni kwamba mlimchagua bwana aliyeapa kwamba hajawahi kukosea, na kweli hajawahi kuulizwa.

Tangu hapo alihudhuria kila mkutano wa hadhara kama mwananchi wa kawaida, akanyoosha mkono na kuuliza swali lilelile, wodi itaezekwa lini, na hapo ndipo mlipompa jina. Diwani wa kwanza alimjibu kwamba subira yavuta heri, naye akasema subira anayo, anachoomba ni tarehe. Wa pili alimheshimu kwa kumweka kiti cha mbele pamoja na wageni waalikwa, hadi dada yetu alipogundua kwamba kipaza sauti hakifiki kwa wageni waalikwa, akabeba kiti chake akarudi nyuma. Wa tatu alileta kibao cha kazi inaendelea, ambacho mpaka leo kimepakwa rangi mara nyingi kuliko ukuta.

Tusifiche, hata nyumbani tulimchoka. Mwanawe mkubwa alimwambia, mama, unatuaibisha, akajibiwa kwamba hata yeye anaona aibu, na ndiyo maana anauliza. Watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo, na ninyi mliocheka mnajijua, wengine mlizalishiwa wake zenu kwenye korido ile.

Aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo mwezi Juni 2017. Mkutano wake wa mwisho, Novemba 2018, aliuliza akiwa amekaa, akasubiri kicheko kiishe kwanza, na diwani wa sasa akamjibu, mwakani. Alilazwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Machi 2019, akafariki Jumanne tarehe 12 Machi, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wakunga wenzake wa zamani waliomwosha, majirani waliopika na kulala nasi, na mafundi seremala wa mtaa waliotengeneza jeneza hili. Tunamshukuru pia mheshimiwa diwani, aliyetuletea jeneza la vioo na mishikio ya dhahabu, ambalo tumelipokea kwa adabu na kulirudisha kwa adabu, kwa sababu mume wa marehemu, ambaye hajasema mengine tangu Jumanne, alisema mkewe hakumwomba jeneza, alimwomba mabati.

Mheshimiwa ameomba pia nafasi ya kutoa neno. Familia inamwomba radhi, hatutampa, si kwa chuki, bali kwa kuwa hapa msibani hakuna anayeweza kunyoosha mkono akamuuliza kitu, na marehemu aliona kiongozi hapaswi kusemea mahali asipoweza kuulizwa. Mkutano wa hadhara ni Jumamosi ijayo, saa nne, uwanja wa shule, na pale atasema mpaka achoke.

Dada, umechoka kwa haki yako, pumzika sasa, na amani iwe nawe.