Mama Jeannine Kabedi na Njia ya Bukama

Wapendwa ndugu, wanaparokia, majirani, na nyinyi wazee wa reli mliokuja na kofia zenu za kazi, familia ya Kabedi na familia ya Kabamba zinawashukuru kwa kuja kulia pamoja nasi, na zimemtuma Hénoch, mtoto wa pili wa marehemu, awasomee maisha ya mama yake, ingawa jana katika baraza la familia alisema wazi kwamba kazi hii inamzidi.

Mama Jeannine Kabedi alizaliwa hapa Kamina tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1959, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa mtu wa kugeuza njia za treni pale stesheni. Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya biashara hadi mwaka 1977, alipotoka na diploma yake na vidole kumi vilivyopiga taipu bila macho kuangalia, na watoto wake walikua wakidhani kwamba mama wote duniani wanaandika hivyo.

Tarehe 2 mwezi wa kwanza 1978 aliingia kazini kama mpiga taipu katika ofisi ya stesheni, akaifanya kazi hiyo hadi pensheni yake tarehe 30 mwezi wa sita 2014, na lo, nani hapa asiyekumbuka miaka ile, wakati treni ya abiria ikipiga honi na mji mzima unajua ni saa ngapi, magunia ya samaki mkavu wa Kinkondja yanashushwa, na mama Jeannine yuko dirishani na karatasi mkononi akiwagombeza waliochelewa.

Tarehe 8 mwezi wa nane 1981 alifunga ndoa kanisani na Amédée Kabamba, dereva wa treni, wakajaliwa watoto watatu, Laetitia, Hénoch, na Kyabu aliyetutoka akiwa na miezi saba. Baba Amédée alifariki tarehe 19 mwezi wa kumi 2011, na barua zote ambazo mama alimwandikia alipokuwa safarini zilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu ya nyumbani, ambayo mwaka uliofuata, bila haya, iligoma kuzifungua mpaka mama alipie upya programu aliyoandikia. Mama alikasirika kama ambavyo hatukuwahi kumwona, akasimama uani akisema, «Mashini iko yangu, barua njo miye niliandika, sasa nani ananifungia mulango?» Frère Élisha, bruda na mwalimu wa kompyuta, ndiye aliyemletea Linux, mfumo wa bure ambao mwenye mashine anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuugeuza apendavyo, na barua zikafunguka zote, naye akalia siku nzima akizisoma.

Ndani ya Linux hiyo mama alikuta mchezo wa kuendesha treni, uliokuja na milima ya Ulaya na theluji, akacheza wiki mbili, akachoka na theluji. Kwa kuwa mchezo wenyewe ulikuwa wazi kugeuzwa kama Linux, alianza mwaka 2015 kuifuta Ulaya na kuandika Kamina mahali pake, stesheni kwa stesheni, na madereva wastaafu wakaanza kuja alasiri kuketi mbele ya kioo, kwanza kwa kucheka, halafu kwa kugombana kuhusu kila kona na kila kalvati. Aliyempita kila mtu alikuwa mzee Kitenge, rafiki wa baba Amédée, aliyeendesha kipande cha Luena hadi Bukama kwa miaka ishirini na mbili, ambaye kwa miaka mitatu alimsimulia mama kipande hicho chote, wapi pa kufunga breki, wapi watoto walipunga mikono, na mama akaandika, akimwahidi, «Hapa kwangu mashini haiwezi kukamata kitu ya muntu bila kumuuliza.»

Sehemu inayofuata haikuwamo katika karatasi iliyokubaliwa jana, familia imsamehe msomaji. Jumapili tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2021, mama akiwa misani, Hénoch aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa Noeli alitaka kumfurahisha kwa kumwekea mfumo mpya kama wa maofisini, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma, na mashine ikafutwa yote. Alasiri mzee Kitenge aliketi aende Bukama, kioo kikamwomba anwani ya barua pepe na nambari ya simu. Kwenye flashi, ambamo mama alikuwa na nakala ya zamani, ilibaki Kamina hadi Luena tu.

Ilikuwa imebaki wiki tatu mzee Kitenge akasimame mahali pa marehemu baba kumwombea Hénoch mke kwa wazazi wa Léa, mchumba wake, na mama aliogopa atakataa akijua nani aliyefuta. Alimwambia Hénoch, «Nyamaza, kwanza uoe,» akatoka mbele ya wazee akasema amebonyeza vibaya yeye mwenyewe. Mzee Kitenge alienda kwa kina Léa, akazungumza vizuri mno, Hénoch akaoa, lakini kwa mama, aliyemwona amevunja ahadi, mzee hakukanyaga tena. Hénoch alirudisha Linux wiki ileile, lakini ukweli hakuurudisha, kwa aibu tu, miaka karibu minne. Mama hakuandika tena reli ya mbele ya Luena, alisema kipande cha Kitenge ni cha Kitenge.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2025 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na kila alipoingiwa na mgeni wodini aliinua kichwa kutazama kama ni mzee Kitenge. Alifariki Jumanne tarehe 9 mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, Laetitia akimshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochota maji na kupika tangu Jumanne, wenzake wa stesheni, Frère Élisha na parokia nzima. Tunamshukuru pia mzee Kitenge, aliyeketi pale nyuma karibu na mlango. Mzee, Jeannine hakukuvunjia ahadi, aliyefuta njia yako ni Hénoch, ndiye huyu anayesoma, na anaomba msamaha mbele ya watu wote hawa.

Mama, sasa wamejua. Pumzika kwa amani.