Kapu ya Wote Imekauka

Kwa benchi yetu hapa Bwera, njia ya kwenda Mpondwe, ukuta ya nyuma inalia vuuu mchana kutwa. Ni mashine za Thembo, ndani ya duka, zinachimba sarafu ya mtandao. Thembo tunamwita Voltiji. Aliuza shamba ya kahawa kule Rukoki akanunua mashine, na sarafu yake yote imelala ndani ya huo mtandao. Kuna Afande Omara, alitoka jeshini. Kuna Tsongo wa Kasindi, ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo, anachimba kama Voltiji. Jana tulikuwa tunakunywa kahawa, simu ya Voltiji ikaleta ujumbe. Wakanipa mimi, kwa sababu siku hizi nasoma. Niliingia darasa ya wazee na mvi zangu. Nikafuata maneno na kidole: "Tundu imeonekana ndani ya programu. Wezi wanaweza kuingia. Msitume sarafu yoyote. Watengenezaji waliondoka, kapu ya wote imekauka."

Voltiji: Soma tena. Umeruka neno.

Mimi: Sijaruka. Hata "imekauka" nimeisoma yote.

Omara: Kapu gani?

Voltiji: Afande, ukichimba sarafu, unaachia kapu kipande. Hiyo ndiyo inalipa watu wa kuziba matundu. Lakini hakuna wa kukulazimisha.

Omara: Wewe uliacha kipande gani?

Voltiji: Mimi... niliweka sifuri. Haba na haba hujaza kibaba, afande. Nilikuwa najaza kibaba yangu.

Tsongo: Mungu wangu! Na mimi niliweka zero! Nilijua batu ya Bwera beko nalipa!

Voltiji: Na sisi tulijua nyinyi wa Kongo mnalipa! Si nyinyi ni wengi?

Mimi: Ni kama ile bomba ya kilimani. Kila nyumba ilisema jirani atalipa fundi. Leo tunachota mtoni.

Omara: Nyamaza, mwalimu. Hii ni adui. Alingoja kapu ikauke ndiyo apige. Ukitaka kuvunja kambi, unaanza na mpishi.

Tsongo: Hapana, afande. Ni mizimu ya mulima. Tunachimba, tunachimba, nani aliomba ruhusa?

Voltiji: Tunachimba ndani ya mashine, Tsongo!

Tsongo: Mulima iko najua mashine?

Omara: Mimi naona watapita kwa waya. Leo mtandao, kesho simu, kesho kutwa wako chini ya kitanda yako. Zima hiyo ukuta!

Voltiji: Nikizima, nimekufa. Nikiacha, nachimbia mwizi. Basi nitaweka kwa kapu! Sasa hivi! Nitaweka nusu!

Kidole yake ikaenda kwa simu. Nikamshika mkono.

Mimi: Ndugu yangu, imeandikwa msitume sarafu yoyote.

Hapo Phionah, mke wa Voltiji, akafika na jembe kwa bega. Siku hizi analima shamba za watu. Akatuangalia, akaangalia vikombe vimepoa.

Phionah: Nani amekufa?

Voltiji akamwambia yote, macho chini.

Phionah: Sawa. Na saa hii tunaongea, nani anaziba hiyo tundu?

Tsongo akaangalia upande wa daraja. Mimi nikarudi kwa simu, nikasoma neno kwa neno mpaka mwisho, nikitafuta jina ya mtu wa kuziba.

Phionah akangoja, jembe bado kwa bega. Nyuma yetu ukuta ilikuwa inalia vuuu.