Mtoto Mwenye Mayai wa Chupa ya Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mtunza vielelezo wa makumbusho yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha chupa. Jina lake limo kwenye barua za ofisi. Sisi tunamwita Vidole, na mkewe naye alishasalimu amri.

Aliajiriwa kujaza spiriti kwenye chupa za mijusi waliohifadhiwa. Alipozoea harufu yake akaanza kuuliza maswali, na tangu hapo hatujapumua. Mijusi kafiri wa aina mbili hufanana kama mapacha, na rangi ndiyo ya kwanza kupotea wakishatumbukizwa kwenye spiriti. Tofauti iko chini ya kidole cha nne cha mguu wa nyuma, kwenye vile vibamba vinavyoshika ukuta: mmoja anavyo vinane, mwenzake kumi na kimoja. Vidole alivihesabu mara tatu, kisha akamwita mtu mwingine ahesabu.

Kukaa kitini hawezi. Aliwahi kusimamisha kikao cha idara kwa kupanda juu ya meza ya mkurugenzi, kwa sababu darini palikuwa na mjusi asiyemfahamu. Siku mchumba wa binti yake alipokuja kusalimia, alimkuta baba mkwe juu ya stuli jikoni, tochi mkononi, akaambiwa ashike stuli kwanza, salamu baadaye. Ndoa ilifungwa hata hivyo.

Amefundisha watu kumi na mmoja, mimi nikiwa wa mwisho na, kwa maneno yake, mwenye haraka kuliko wote. Amepanga upya makabati yote ya ghorofa ya chini. Ningeweza kuishia hapo tukapiga makofi, lakini mwenyewe asingenisamehe.

Februari mwaka huu, akiongeza spiriti kwenye chupa ya kumi na tisa, alimwinua mjusi mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Kibandiko kilisema ni mtoto. Tumboni, chini ya ngozi nyembamba, yalionekana mayai mawili. Aliniita nije nimtazame mtoto mjamzito, nami nikacheka. Yeye hakucheka, maana mwandiko ulikuwa wake.

Mwaka wake wa pili kazini alipewa chupa arobaini na moja azitolee orodha kabla ya Jumamosi. Akahesabu vibamba vya wakubwa, wadogo akawaandika kuwa watoto wao. Kumbe wengi walikuwa watu wazima wa aina nyingine, ndogo, na kwa zaidi ya miaka thelathini orodha yetu ilikuwa ikisema aina hiyo haipo. Wengine wameandika hivyo vitabuni kwa kutuamini.

Ilibaki miezi minne. Mkurugenzi, kwa nia njema, alimshauri aache mambo yalale, astaafu kwa heshima. Vidole alirudi chumbani akafungua chupa ya kwanza. Miezi hiyo ilitutoa jasho. Chai zilipoa, alisimama, akakaa, akasimama tena, akanipigia simu alfajiri kuuliza kama nimefunga kizibo. Aliandika masahihisho mwenyewe, akaweka jina lake kamili mahali pa kosa, palipoonekana na kila mtu. Nilimwonea uchungu, na nilimwogopa kidogo.

Juzi alimaliza chupa thelathini na nane. Tatu zilizobaki zilikuwa zimekauka zamani na vidole vya mijusi vimesinyaa. Hata kwenye hadubini vibamba havihesabiki. Nilimsihi aandike jina lolote linaloelekea, kwa kuwa hakuna anayemzidi kwa macho, na mimi nilitaka kupokea kabati lililokamilika. Akachukua vibandiko vitatu, akaandika "Sijui" kwenye kila kimoja, akatia sahihi na tarehe.

"Nikibahatisha," akaniambia, "wewe utaniamini."

Kweli, ningemwamini.

Asante, Vidole, kwa miaka yako yote, na kwa hii minne ya mwisho iliyokuwa miezi tu. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na kiti kitakachokuvumilia. Kuanzia Jumatatu chumba ni changu. Leo asubuhi nimefungua moja ya chupa zile thelathini na nane ulizozimaliza, nikaanza kukuhesabia upya.