Mnavu Uliota Ukutani

Mwalimu Yunis Shekulwavu anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kufundisha sanaa katika chuo chetu cha ualimu, Lushoto, kwa miaka thelathini na mmoja.

Alifika na makopo saba ya udongo wa kuchorea. Mwekundu wa Soni, mweusi wa bondeni Lukozi, mweupe wa kukandikia nyumba. Gundi yake ilikuwa uji wa muhogo, na wanafunzi wake wa kwanza walidhani wanaandaliwa kifungua kinywa.

Michoro yake haina mtu, nyumba wala mti. Wageni huuliza amechora nini. Sisi tuliozaliwa kijijini kwao Kwemhangalo, tukahamishwa mteremko wake ulipopandwa misonobari, hatuulizi. Mkunjo wa kijivu ni njia ya kisimani. Doa jeusi ni mahali bibi yake alipokuwa akimwaga majivu. Ukungu unapoingia bwaloni asubuhi, ukuta aliouchora humo husogea kidogo, kama mlima unaojigeuza usingizini.

Ukuta huo aliuchora mwaka 2003, kwa udongo wa uani kwa babu yake. Kila udongo yeye huuchekecha, lakini huo hakuuchekecha. Mama yake alimfundisha kwamba udongo wa nyumbani hauchambuliwi. Masika yakaja, bati likavuja, ukuta ukaota mboga ya mnavu.

Mpishi wetu, Secilia, alimsubiri mlangoni na ungo.

“Mwalimu, nichume huu kwa chakula cha mchana, au kwanza unapalilia?”

Mkuu wa chuo wa wakati huo hakucheka. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu, akaagiza ukuta wote upakwe rangi ya maziwa. Kwemhangalo haina picha hata moja, wala hakuna nyumba iliyobaki. Ukuta ule ukifunikwa, hatukuwa na pengine pa kuitazama. Mwalimu Yunis hakubishana. Aling'oa miche mmoja mmoja, akaosha mikono, akaenda darasani.

Jumamosi akaja Twaha, fundi rangi kutoka mjini, na ndoo mbili. Alipanda ngazi, akachovya brashi, akasimama. Rangi ikadondoka sakafuni. Kisha akashuka, akamgeukia Mkuu aliyekuwa akisimamia kazi.

“Shikamoo, Mkuu. Njia hii inapita kwa babu yangu. Tafuta fundi mwingine.”

Mkuu alimtazama, akautazama ukuta, akaagiza bati lizibwe na ukuta uachwe. Rangi ile ilipakwa vyooni, na Jumatatu wakaguzi walivisifu sana.

Matundu ya miche Mwalimu hakuyaziba. Amefundisha walimu zaidi ya mia sita mbele ya ukuta huo, na kila mmoja alianza kwa kuleta kopo la udongo wa kwao.

Asante, Mwalimu Yunis. Tunakuombea afya na siku ndefu shambani kwako Lukozi. Ukuta tutautunza. Kikiota kitu tena, hatutaking'oa kabla hujaja kukiona.