Mafuta Hayataki Kelele

Benchi la Kunjappu muuza chai lina miguu mitatu na tofali moja, na limekaa hapo njia panda, nyuma ya hekalu la kijiji kimoja cha Kerala, kusini mwa India, tangu enzi za baba yake. Wanaolikalia hawajawahi kushindwa hoja. Huondoka chai ikiisha tu. Jumamosi hiyo Raghavan, kondakta mstaafu, alifika kashika karai la mkewe, chupa ya mafuta ya nazi na mfuko wa majani, roho mkononi. Mkewe, Devayani, aliteleza kwenye jiwe la kufulia, mkono wa kulia ukavunjika, na nywele zake zinazofika magotini zikawa hazijaona mafuta tangu mvua zianze. Asubuhi akasema basi, imetosha, saa tisa anakwenda saluni ya stendi kuzikata. Raghavan akamsihi angoje, mafuta atayapika yeye. Yeye huyo, asiyejua hata kuchemsha yai! Nywele zile ndizo alizoziona kwanza siku alipopelekwa kwao kuposa, kabla hata ya uso, na hakutaka kabisa zikaishie kwenye fagio la saluni. Wala hakutaka Devayani amwone akibahatisha jikoni. Ndiyo maana akakimbilia kijiweni.

— Kunjappu, niazime jiko ndugu yangu. Nina shida.

— Jiko hilo hapo. Ila ukinichomea banda, utalala nami nje.

Mafuta yakaingia, yakafuata majani ya mchuzi, maua mekundu ya uani, uwatu, na yale magugu ya kando ya mpunga. Karai likaanza kulia chwaa!

— Kasemaje shemeji? akauliza Profesa. Jina lake ni Pushkaran. Shule aliishia njiani, ila gazeti la Kunjappu hulisoma yeye kwa sauti kila asubuhi.

— Kasema nisikilize. Majani yakiacha kulia, niepue palepale. Nikichelewa yameungua, ndiyo basi tena.

— Kusikiliza tu? Hiyo kazi ndogo! Sisi hapa tuna masikio manane.

— Basi nyamazeni.

Wakanyamaza. Kidogo tu.

— Lakini unajua faida yake, Raghavan? Profesa akashindwa kuvumilia. Mafuta haya yanapoza ubongo. Mjomba wangu alikuwa mzito, mzito hasa. Bibi akampaka mwaka mzima, akafaulu mtihani wa posta!

— Si aliiba majibu huyo? akasema Kunjappu.

— Aliiba, ndiyo. Ila nani alimpa akili ya kuiba asikamatwe?

— Jamani, karai!

— Linalia, tulia. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Maana yake kichwa kisichopakwa hukauka.

— Wapi na wapi, Profesa! Wali na nywele?

Hapo Uwanja akaweka glasi chini. Thankachan huyu aliitwa Uwanja kwa sababu kichwani pake ndege ingetua bila kuomba ruhusa.

— Mimi mnanicheka bure. Mama yangu alinipaka kila Ijumaa. Mafuta makali yale! Nywele zikaota kwa nguvu mpaka zikakosea njia.

— Zikaenda wapi?

— Ndani. Ninazo nyingi kuliko nyie wote, ila zimeota kuelekea ndani. Daktari mmoja aliziona kwenye picha akaogopa kuniambia.

Kunjappu alicheka hadi chai ikamwagika. Hata Raghavan alicheka, kisha akajilaumu, akainamisha sikio karibu na mvuke.

— Hiyo si kitu, akasema Kunjappu akijifuta machozi. Shangazi yangu alimwaga mafuta yake kwenye kamba ya kisima. Mwezi haujaisha, kamba imerefuka, ndoo inalala chini kabisa. Na mbuzi wake alilamba karai, akaota manyoya ya simba. Fisi akimwona anasalimia!

— Kerala hii ina fisi?

— Walihama. Kwa sababu ya yule mbuzi.

— Haraka haraka haina baraka! akapiga kelele Uwanja, bila mtu kujua kwa nini.

— NYAMAZENI! Raghavan karibu alie. Atazikata, jamani! Nyie mnacheka, mwenzenu naharibikiwa!

— Nani anaharibikiwa?

Wote wakageuka. Devayani alikuwa amesimama barabarani, mwavuli kwapani, pochi begani, mkono ndani ya plasta. Safari ya stendi hiyo.

— Shemeji karibu! Tunamfundisha mumeo habari za mafuta, akasema Profesa. Sisi ni wazoefu, tumepakwa tangu utotoni.

— Naona. Mama zenu wamewapaka, dada zenu, na sasa wake zenu.

— Ndiyo hivyo!

— Na nyie, nani kati yenu amewahi kumpaka mtu?

Profesa akajificha nyuma ya gazeti. Uwanja akatazama ndani ya glasi yake. Kunjappu akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Na katika kimya kile, Raghavan akasikiliza, asisikie kitu. Karai lilikuwa limenyamaza.

— Yameacha! Devayani, yameacha kulia!

— Epua basi, unangoja nini?

Akaliepua kwa pindo la shuka alilojifunga kiunoni, vidole vikimuungua, wala hakujali. Devayani akainama, akanusa. Akatazama barabara ya stendi. Kisha akageukia barabara ya nyumbani.

— Njoo nayo. Yakipoa utaanzia utosini. Na usiongee njiani, utayamwaga.

Raghavan akamfuata, karai kalishika kwa mikono miwili, mdomo kaubana, furaha imemjaa usoni. Benchini wakawasindikiza kwa macho. Mwishowe Uwanja akakohoa.

— Kunjappu, una karai lingine?

— La nini, wewe na upara huo?

— Mke wangu ana nywele.