Mwalimu Breki Anashuka Garini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha watu kuendesha gari, Mwalimu Breki anastaafu. Chuo kimepoa kabla hata hajaondoka.

Alikuja hapa kama fundi wa gereji. Mwalimu mmoja akaugua, naye akaombwa ashike nafasi kwa wiki moja. Wiki hiyo haikuisha.

Magari yetu yana breki ya pili upande wa mwalimu, na ndiyo iliyompa jina. Ajabu ni kwamba aliikanyaga mara chache kuliko sisi walimu wenzake wote. Wengine tunaivamia kama tumeona mende. Yeye alimwachia mwanafunzi nafasi ya kukosea na kujirekebisha, mguu wake ukiwa tayari.

Hakuwa mtu wa kukata tamaa. Fundi cherehani mmoja alifeli mtihani wa barabarani mara nne, akasusa. Mwalimu Breki akampelekea suruali nzima kabisa, akaomba ipunguzwe. Juma lililofuata akairudisha iongezwe, na kila mara akimuuliza atarudi lini chuoni. Dada wa watu akaona heri arudi darasani kuliko kuendelea kuitesa ile suruali. Leo anaendesha basi la shule.

Lakini pia alimwambia mfanyabiashara mmoja, mwenye hasira za karibu, kwamba usukani haumfai na atafute dereva. Meneja alishika kichwa. Yule bwana alinuna, kisha akaajiri dereva, na mpaka leo humpungia mkono mwalimu wetu akiwa kiti cha nyuma.

Mwezi Machi, njia panda ya sokoni, mwendesha baiskeli alikatiza ghafla mbele ya gari la mafunzo. Mwanafunzi, binti aliyeanza juzijuzi, alilisimamisha mwenyewe. Mguu wa mwalimu ulifika kwenye breki gari likiwa limeshasimama. Hakuna aliyeumia, na binti hakugundua lolote. Mwalimu alimpongeza, wakarudi chuoni, akaja ofisini kwa walimu kutueleza kwamba mguu wake umechelewa.

Tulimcheka. Tukasingizia jua, tukasingizia viatu, tukamkumbusha kuwa bado ana miaka miwili ya kazi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akaenda kwa meneja kuomba kupumzika. Ilituuma, na kusema kweli tulikuwa tunajihurumia wenyewe. Tuliogopa kubaki bila yeye, naye aliogopa kumuumiza mtoto wa mtu. Hofu yake ilikuwa na maana kuliko yetu.

Mwalimu, asante. Mkeo anatuarifu kuwa kwenye gari la familia umeshapangiwa kiti cha nyuma, na kwamba hataki ubishi. Tunakuombea afya, usingizi mzito na wajukuu watundu. Miaka yote hii kila uliyemfundisha alirudi nyumbani kwao mzima. Nenda nawe, wanakusubiri.